Bunduki ya Mjomba

Bastola niliyoinunua ilikuwa takataka, na mwenye duka alikuwa muungwana wa kutosha kuniambia hivyo. Ilikuwa ya kale, ya risasi sita. Kutu imeula mtutu upande mmoja, silinda imegandamana haizunguki, mpini wa mbao umepasuka na mtu ameufunga kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Duka lenyewe liko huku kusini mwa Louisville, si mbali na maghala ya Okolona ambako mdogo wangu anabeba maboksi. Mzee akaniuliza naitakia nini. Nikamwambia ni ya mahari. Akacheka, akadhani namtania, akanipa fomu nijaze.

Sikuwa namtania. Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba Buffalo, katika jimbo la New York. Walikutana kwenye mkutano wa makanisa, wakapigiana simu mwaka mzima, na siku aliponiambia jina la binti yule alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nimemlea mimi tangu kambi ya wakimbizi, tangu ana miaka saba, baada ya wazazi wetu kufa. Kwa hiyo siku ya kumposea, baba ni mimi. Upande wa binti, baba yake alikufa kwenye vita, na anayesema kwa niaba yao ni mjomba, kaka wa mama yake.

Kwetu sisi watu wa milimani mahari ni ng'ombe, basi. Lakini ukoo wa mama yake, watu wa kule chini karibu na ziwa, wana orodha yao ndefu. Wanaiita fakitire. Ndani yake mna ng'ombe, mna mablanketi ya mama, koti, masufuria, na mwishoni kabisa mna bunduki ya mjomba. Zamani ilikuwa bunduki ya kuwindia. Hapa Amerika kila mtu anajua mchezo unavyochezwa: wao wanaandika bunduki, wewe unatia kitu kwenye bahasha, mjomba anajifanya kuikagua bahasha kama inapiga vizuri, watu wanacheka, wanakunywa Fanta.

Huyu mjomba hakutaka mchezo. Anaishi Kensington-Bailey, upande wa pili wa Buffalo kutoka kwa dada yake, na alinipigia simu mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika kwa sababu wazee watatu wa kanisa letu walikuwa sebuleni kwangu wakipanga safari.

"Bon," akasema. "Ngombe munaleta ya enveloppe, sawa, huku hakuna fasi ya kuchunga. Lakini bunduki iko kwa maduka. Mi sipendi enveloppe. Nyie batu ba kule juu munajua bunduki kushinda kila mutu. Donc, muniletee yangu."

Kisha akacheka. Watu wa chini husema sisi wa milimani ndio tulioleta vita. Wazee wakatazama zulia.

Mtu mwenye akili angesikia katika maneno yale kwamba mjomba hatutaki, na kwamba anaogopa kusema hapana waziwazi mbele ya dada yake. Angempa muda, angempelekea mtu wa kumtuliza. Mdogo wangu alilielewa hilo palepale. Mimi nilisikia dharau tu, na mtu akinidharau silali. Nikaamua nitamletea bunduki, tena nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuishika, niiweke mbele yake asiwe na pa kutokea.

Mimi ni fundi. Kambini nilitengeneza baiskeli na cherehani, na hapa natengeneza mashine za kiwanda zinapoharibika. Kazi ile niliifanyia gereji kwangu, majira yote ya baridi. Niliitumbukiza bastola katika kopo la mafuta nikaiacha wiki mbili, na kila nikitoka kazini nilishuka kuijaribu silinda kwa kidole gumba. Haitikisiki. Siku iliposogea, ilisogea upana wa ukucha tu, nikapiga kelele mpaka mke wangu akaja mbio akidhani nimejikata. Akaitazama. "Ni ile tu?" akasema, akarudi jikoni.

Skrubu zake zilikuwa zimetafunwa na bisibisi za wajinga walionitangulia. Nikachonga bisibisi moja kwa kila skrubu, maana bisibisi isiyokaa sawasawa ndiyo inayoharibu vitu vyote duniani. Springi ya nyundo ilikuwa imekatika. Niliyoagiza haikukaa, nikaipunguza kwa msasa mpaka ikakaa. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba nyundo ikivutwa, silinda ilisimama kabla ya mahali pake. Hilo lilinila mwezi mzima, nikifungua na kufunga, nikisugua kipande kidogo kuliko punje ya mchele na kukipima tena. Sikununua hata risasi moja. Nilichotaka ni ile sauti ya nyundo ikivutwa na kukaa, safi, mlio mmoja.

Mpini niliutengeneza kwa pembe. Kila mwisho wa mwaka kanisa letu hununua ng'ombe kwa mkulima nje ya mji, tunachinja wenyewe shambani na kugawana nyama. Mwaka ule alipatikana mwenye pembe, jambo la nadra huku, nikaziomba. Nilizichemsha nyumba nzima ikanuka, mke wangu akafungua madirisha katika baridi kali, hakusema nami siku mbili. Lakini zilipokatwa na kusuguliwa zilitoka nyeupe zenye mawingu meusi ndani yake. Baba yangu alijua kuchonga pembe. Nilipoufunga mpini ule nilijisikia mwana wa mtu, nasema ukweli.

Mdogo wangu alikuja gereji mara moja tu. Alisimama mlangoni bado amevaa kizibao cha kazini.

"Yaya," akasema. Ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa. "Tunaweza kubaita tena kwa simu, tuongee nabo polepole. Ule binti hapendaka kuona bintu kama ile."

"Si yeye mwenye kuipokea," nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Lakini, Yaya, baba yake..."

"Baba yake alikufa. Ya kwetu pia alikufa. Nani hapa hakufiwa? Shika hii taa."

Akaishika taa. Sisi tuliotoka kule tumeacha kuulizana watu wetu walikufaje. Tunasema ni adabu, lakini ni uvivu pia, kwa sababu ukiuliza utalazimika kukaa na kusikiliza. Badala ya kuuliza, niliendelea kumsema. Nilimwambia angeachiwa mambo yake mwenyewe angezeeka bila mke, kwamba hata mbuzi hawezi kumwogopa, kwamba natokwa jasho kwa ajili yake naye ananiletea machozi ya kike. Alinimulikia mpaka nilipomaliza, akaitundika taa kwenye msumari, akaenda kulala.

Tuliondoka Ijumaa: mimi, yeye, na wale wazee watatu. Mke wangu hakupata ruhusa kazini. Mwanamke wa upande wetu angekuwa dada yetu anayeishi Columbus, anayefanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Tungempitia, tule, twende naye. Ilikuwa kazi yake kuingia kwa wanawake wenzake, kukaa na binti, kumtoa nje wakati ukifika.

Alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo, na nyama. Kabla hatujanawa mikono akakiona kisanduku nilichokibeba kwapani, akainua kifuniko, akakirudisha.

"Munaenda New York na hii kitu?"

"Ni tupu," nikasema. "Ni chuma tu."

"Kule haiko kama kwenu Kentucky. Kama hauna karatasi ya kwabo, ni prison. Na huyu mutoto hajapata uraia. Yaya, iache hapa, nitaificha. Mumupe ule mujomba enveloppe kama batu bote. Ukikataa, miye siendi."

Nikaona wazee wanaitikia kwa vichwa, polepole, macho kwenye sahani. Walikuwa upande wake. Dada yangu aliachwa na mumewe kambini baada ya miaka mitatu bila mtoto, na tangu siku ile hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kulitaja mbele yake. Nililitaja.

"Weye mambo ya ndoa unajua nini?" nikamwambia, mbele ya wazee, ndani ya nyumba yake. "Balikurudisha kama sahani ya kuazima."

Hakulia. Tulikula chakula chake, na nilikula vizuri, nakumbuka niliongeza nyama. Alitufungia kilichobaki katika karatasi ya alumini, akakiweka kando ya viatu vyetu, na tulipotoka akafunga mlango. Ndivyo tulivyofika Buffalo bila mwanamke.

Nyumba ya mama wa binti iko Black Rock, nyumba ya mbao aliyoinunua ikiwa inavuja, akaikarabati yeye na wanawake wenzake wa kiwandani. Jumamosi saa sita mchana ilikuwa imejaa. Walikuwa wameazima viti vya kanisa wakavipanga safu mbili zinazotazamana, wao huku, sisi kule. Mjomba alikaa katikati ya safu yao, mtu mnene mwenye suti ya kijivu na sauti ya kuzoea kusikilizwa. Mdogo wangu alikaa kushoto kwangu. Kwa desturi, mwenye kuoa siku ya mahari yake hasemi wala hainuki. Anakaa kando ya mkubwa wake mpaka mkubwa wake amwinue mwenyewe, amkabidhi. Akiinuka kabla, ni aibu kwa ukoo mzima.

Mambo yalianza vizuri. Mzee wetu mmoja alikuwa msemaji, akavitaja vitu kimoja kimoja: ng'ombe, bahasha ikapita. Mablanketi, akina mama wakapiga vigelegele. Koti likajaribiwa likabana, watu wakacheka. Mjomba alikipokea kila kitu kwa ncha za vidole. Kisha akaegemea nyuma.

"Bon. Kumebakia kitu yangu. Tuone basi batu ba ngombe balileta nini."

Watu wao wakacheka, wakingojea bahasha ya mwisho. Nikakiweka kisanduku juu ya meza, nikakifungua.

Kicheko kilikatika. Bastola ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheupe, inang'aa, na mpini wake wa pembe ungedhani umetoka kwa sonara. Mjomba aliitazama, nami nikamtazama yeye, na nilichokiona usoni mwake ndicho nilichokuwa nimekifanyia kazi miezi minne. Aliogopa. Nyumba ni ya dada yake, jimbo ni la sheria kali, mashahidi ni thelathini, na kitu alichokiagiza kwa mdomo wake kiko mbele yake.

"Ni ya kuchezea?" akauliza, sauti ndogo.

Nikaichukua. Nikaielekeza chini, nikaivuta nyundo ili wote wasikie. Ilipiga mlio mmoja, safi kabisa.

Wakati huohuo wanawake wao walikuwa wanamtoa binti. Dada yangu angekuwepo angejua kumngojesha. Wao waliposikia kimya walidhani sisi tumemaliza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, amevaa kitenge cha kijani na viatu virefu, na alipousikia mlio ule aliporomoka. Hakuzirai. Alijificha. Mtu mzima, muuguzi msaidizi, alitambaa kwa magoti katikati ya viti na kujiingiza kati ya friji na ukuta, mikono juu ya kichwa, kiatu kimoja kimebaki sakafuni. Akaanza kusema kwa Kiingereza, lugha anayoitumia akiwa hana nguvu ya kututafsiria, kwamba hana, hana, baba hana.

Mdogo wangu akaanza kuinuka.

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba sikuelewa kinachotokea. Nilielewa. Nilimwona binti, nilimsikia. Lakini mjomba alikuwa bado mbele yangu hajapokea, na mdogo wangu akiinuka tumeshindwa, miezi minne yote imekwenda bure. Nikamkandamiza bega kwa mkono wa kushoto, nikamrudisha kitini.

"Kaa," nikamwambia.

Na kwa mkono wa kulia nikamnyoshea mjomba bastola, mpini mbele. "Pokea. Iko kwa fakitire. Pokea."

Sijui ilichukua muda gani. Ulitosha kwa binti kuinua uso kutoka nyuma ya friji na kututazama sisi wawili, mimi nimesimama, mdogo wangu amekaa.

Mama wa binti ndiye aliyetusogelea. Alikuwa mwanamke mfupi, hajawahi kuniambia neno zaidi ya karibu. Alichukua kitambaa cha kukaushia vyombo akaifunika ile bastola mkononi mwangu, kama mtu anayefunika sufuria.

"Wakati ya vita balikuja asubuhi," akasema. "Balitaka bunduki. Bwana yangu alisema hana. Balisema iko nayo. Huyu alikuwa chini ya kitanda, alisikia vile banavuta bunduki yabo, mara tatu, kisha bakamupiga." Akamgeukia kaka yake. "Na weye unajua. Ni weye ulimuzika."

Mjomba alikuwa ameshika kichwa. "Nilisahau," akasema. "Dada yangu, ilikuwa ya kusema tu. Nilisahau."

"Nyie wawili," akasema yule mama. Akaenda kukaa chini kando ya friji, akamvua binti yake kiatu kilichobaki.

Vitu vyote vilirudi garini, mablanketi, koti, bahasha. Hakuna aliyetufukuza. Watu walitusaidia kubeba, na wengine walituombea safari njema, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nikaendesha mwenyewe. Kisanduku kilikuwa chini ya kiti changu, na kila nilipoona gari la polisi nilipunguza mwendo. Tulipofika Columbus sikutoka barabarani kwenda kwa dada yetu.

Wiki iliyofuata niliirudisha bastola kwa yule mzee wa dukani. Aliizungusha silinda, akaisikiliza, akaupapasa mpini, akaniambia kwamba katika miaka yake yote hajaona mikono kama yangu. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani.

Mdogo wangu bado anakaa kwetu, chumba cha chini. Ananisalimu asubuhi, ananiletea barua, analipa umeme. Binti alimpigia simu mara moja, baada ya wiki mbili, wakaongea muda mrefu. Ndoa haikuwepo tena, hilo nililijua kwa jinsi alivyopanda ngazi. Alikaa mezani, mke wangu alikuwa kazini, nikampakulia wali na samaki. Baadaye kidogo nikamwuliza binti amesema nini.

"Hana hasira na miye juu ya bunduki," akasema. "Ile anakasirikia nyie, weye na mujomba yake. Miye aliniuliza kitu moja tu. Sababu gani sikuinuka."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia ni desturi."

"Haukumwambia nilikushika?"

Alikuwa anatenga miiba ya samaki pembeni mwa sahani. Siku ile ya kurudi, alipotoka kuoga, niliiona alama ya kidole gumba changu chini ya shingo yake, ya bluu, kubwa kama sarafu.

"Mukono yako haikukuwa na nguvu, Yaya," akasema. "Ningetaka, ningeinuka."

Namba ya yule binti ninayo, ningeweza kumpigia nimwambie kuhusu mkono wangu. Nikasema sawa, nikaendelea kula.